Nyusi za Sindano

Raskazone, Tanga
22 Aprili 2025

Mdogo wangu Wafa,

Assalaam alaykum. Natumai wewe na shemeji Masoud mu wazima, na Kigombe kwa jumla ni salama. Sisi hapa hatujambo. Mama yupo na magoti yake yale yale, na Talal yupo na simu yake mkononi.

Usishangae kupata karatasi zama hizi. Simu yangu haina siri, kila mtu humu ndani anajua namba ya kuifungulia, na hili ninalokuandikia sitaki lisomwe mezani. Nimempa Rahimu wa Noah ya abiria akuletee. Nimeitia gundi pande zote, maana mdomo wa Rahimu unaujua.

Wafa, sina nyusi. Nasema wazi kwa sababu nimechoka kuzungukazunguka. Tangu tezi ya shingo inisumbue zimekuwa zikinyonyoka. Tezi imetulia kwa vidonge, nyusi hazikurudi. Kila alfajiri nachora kwa wanja. Natia udhu, zimeondoka. Nachora tena. Adhuhuri, zimeondoka. Siku nzima nashinda na kioo, mtu mzima na akili zangu. Juzi nilimfungulia mlango fundi wa bomba nikiwa nimesahau upande mmoja, ikawa muda wote anazungumza na paji langu la uso. Nilitamani nimfukuze na maji yasitoke.

Nimesikia yuko binti huko Nguvumali, anaitwa Blessing, anachora nyusi kwa sindano. Rangi inaingia ndani ya ngozi, unatia udhu, unaoga, haitoki mwaka mzima na zaidi. Nimemuuliza Talal kama mume, kasema "fanya unavyoona", na macho hakuinua. Nimewauliza wanawake wa darsani. Mmoja kasema hizo ni chale, haramu tupu. Mwingine kasema kwa aliyeondokewa na nyusi ni kama dawa tu. Wakaanza kuvutana wao kwa wao, mimi nikasahaulika. Mtandaoni ndiyo usiseme, huyu anasifu, huyu kaonyesha uso umevimba kama andazi.

Sasa nakuuliza wewe. Idi nilikuona kwa ami, umetoka jikoni na jasho linakutiririka, nyusi zako ziko pale pale. Siku hizi natazama nyusi za watu kabla ya salamu. Niambie kweli, ni za sindano? Zinauma? Ni salama kwa mtu kama mimi? Mwezi ujao nina shughuli hapa nyumbani, wageni ni wengi, na siwezi kukaa mbele zao na uso huu.

Nijibu upesi.

Dada yako,
Turkiya


Kigombe
25 Aprili 2025

Dada Turkiya,

Wa alaykum salaam. Barua imefika. Gundi ilinishinda nikaikata kwa kisu cha samaki, kwa hiyo ukurasa wa pili umepungua kipembe.

Pole sana na tezi. Sikujua kama uliugua, hakuna aliyeniambia.

Nyusi zangu ni zangu. Labda ni mafuta ya nazi, huwa najipaka nikimaliza kupika.

Hayo ya sindano achana nayo, dada. Usiniulize sana. Si salama kwako. Endelea na wanja wako, na aliyezoea kukupenda hatakuacha kwa ajili ya nywele mbili tatu.

Hiyo shughuli ya mwezi ujao ni shughuli gani?

Wafa


Raskazone
28 Aprili 2025

Wafa,

Mafuta ya nazi. Mimi nimezaliwa kwenye mafuta ya nazi, nimelelewa kwenye mafuta ya nazi, na kipara changu cha nyusi kiko pale pale. Umeniona mtoto.

Na hilo "si salama kwako" ndilo limeniudhi zaidi. Kwa nini kwangu? Ungesema si salama kwa watu, ningeelewa. Nilikuandikia jambo ambalo sijamwambia hata mwanangu Mwanamkasi, ukanirudishia mistari ya kunifukuza.

Basi nimekwenda mwenyewe. Leo asubuhi nilikuwa Nguvumali kwa huyo Blessing. Ni msichana mpole, wa kabila la huko milimani, wazazi wake walikuja kwenye mkonge. Chumba chake kisafi, sindano anazitoa kwenye pakiti mbele yako. Akaniuliza maswali mpaka nikachoka: una sukari, una presha, kovu lako huvimba, unakunywa dawa gani. Akaniuliza, "Mama, rangi ya nywele imewahi kukudhuru?" Nikamwambia sijapaka rangi ya nywele maisha yangu, mvi zangu nazitia hina, na hina napakwa tangu utotoni.

Nilidhani tutaanza hapo hapo. Thubutu. Kanikwaruza kidogo nyuma ya sikio, katia tone la rangi, kasema nirudi Jumamosi aone ngozi imepokeaje. Nimemsihi, nimemwambia shughuli iko karibu, kagoma. Kila ninayemwendea ananiambia subiri, achana, fanya unavyoona. Hakuna anayenijibu nilichouliza.

Nikuambie na hili. Jana Mama alisema Wafa hajabadilika, chema cha mwenzake bado kinamkaa kooni. Nilimwambia anyamaze. Leo sijui kama nilifanya sawa.

Turkiya


Kigombe
30 Aprili 2025

Turkiya,

Haya. Sasa nasema, na Rahimu akitaka asome.

Nyusi zangu ni za sindano. Nilichorwa Dar mwezi wa Shaabani nilipokwenda kwa wifi yangu. Masoud anajua. Mama yake hajui, na siku akijua nitahubiriwa mpaka nikome. Ndiyo maana nikasema mafuta ya nazi. Ziliuma, zikatoka magamba, nikajuta, nikazipenda, na sasa wa kushoto umeanza kwenda kwenye kijivu na nitalazimika kurudi kuongezewa. Umeuliza, nimekujibu. Kwangu mimi zilikuwa salama, ingawa si kama nilivyoahidiwa.

Sasa kwa nini nilisema si salama kwako. Fundi wa Dar ni mzaliwa wa Pangani. Yeye hakuniuliza habari za rangi ya nywele. Aliniuliza, "Umewahi kupaka piko ikakuunguza?" Nikasema mimi hapana. Lakini pale pale kitini nilikumbuka mikono yako. Akaniambia aliyeungua na piko asiguse rangi ya sindano mpaka aonwe na daktari wa ngozi.

Kumbuka siku ya harusi yako. Ulipakwa hina nyekundu, ikazungushiwa maua meusi. Asubuhi mikono imevimba mpaka viwiko, malengelenge yanatoa maji. Wote mlisema ni jicho la Wafa, kwa sababu nilikaa karibu nikasema maua ni mazuri. Turkiya, yale malengelenge yalifuata maua. Ua kwa ua, jani kwa jani. Palipopita nyekundu ngozi ilikuwa nzima, palipopita nyeusi ndipo palipoungua. Jicho langu lingeujuaje mpaka wa ua?

Ile nyeusi ilikuwa piko. Na piko ni rangi ya nywele, ile ile ya unga wanayojipaka wazee ndevuni wakitaka kuoa tena. Nililisema siku ile. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mtoto wa ami tu, mama yako akanitoa chumbani kwa mkono. Tangu hapo nikiingia kwenu watoto wanafunikwa.

Huyo Blessing kakuuliza vizuri, ila kakuuliza kwa neno lisilo letu. Sisi piko tunaiita hina, ndiyo maana ukamjibu ulivyomjibu. Mwambie neno piko kabla hajagusa uso wako. Safari hii si mkono, ni juu ya jicho.

Nakuomba, nina hasira lakini nakuomba.

Wafa


Raskazone
3 Mei 2025

Wafa,

Barua yako ililetwa Alhamisi na sijaifungua. Iko chini ya godoro na huko itakaa.

Sikio limevimba. Lilianza kuwasha Jumatano, sasa linatoa maji na shingo yote inawaka moto. Sikwenda Nguvumali leo, nimemtumia yule binti picha tu, na simu zake sizipokei kwa sababu sina la kumwambia.

Wa darsani niliwauliza juu juu tu; nje ya nyumba hii yote nilikuambia wewe peke yako. Na wewe ndiye uliyeandika "si salama kwako". Ulijuaje? Nimejiuliza kwa njia zote na sipati jibu zuri. Mara ya kwanza ilikuwa harusi yangu, na hii ni mara ya pili. Mama amenichomea ubani nyumba nzima mpaka Talal kakohoa na kutoka nje. Sipendi kuamini anayoyasema, lakini sikio ni langu, na linauma.

Nimekosa nyusi, nimekosa sikio, na wageni wanakuja. Usiniandikie tena.

Turkiya binti Salim


Nguvumali
5 Mei 2025

Mama Turkiya,

Shikamoo. Pole na maumivu. Nimepiga simu haipokelewi, nimekuja hadi getini nikaambiwa umelala, ndiyo nimeamua kumwachia mlinzi karatasi hii.

Mama, kwa picha ya Jumamosi, mimi siwezi kukuchora. Si wiki hii wala mwezi ujao. Naomba uende hospitali sikio likaangaliwe, usilikwangue, na usipake kitu cha kienyeji juu yake.

Nilikuuliza kama rangi ya nywele imewahi kukudhuru, ukasema hujawahi kupaka. Nakuamini. Lakini ngozi yako imekasirika kama ya mtu aliyewahi kukutana na kitu. Naomba ukumbuke, hata kama ni zamani, kama kuna chochote cheusi kilichowahi kukuunguza. Mimi sijui kila kitu cha huku Pwani, pengine nimekosea kuuliza.

Wateja wengi nikiwakatalia wanakwenda kwa mwingine ambaye haulizi. Tafadhali mama, usiende. Nyuma ya sikio panapona. Kwenye jicho sitaki hata kufikiria.

Mungu akuponye.

Blessing


(juu ya bahasha, kwa kalamu nene)

Kigombe, 6 Mei 2025

KWA TURKIYA BINTI SALIM, RASKAZONE. Bahasha hii haina kitu ndani. Nimeandika juu ili usipate cha kukataa kufungua. PIKO SI HINA. PIKO NI RANGI YA NYWELE. Ile iliyo chini ya godoro, ifungue.

Wafa


Raskazone
9 Mei 2025

Mdogo wangu Wafa,

Bahasha yako Rahimu aliisoma getini kwa sauti kabla hajanipa. Mlinzi kasikia, jirani kasikia, na muuza maziwa kaniuliza piko ni nini. Sasa umefurahi.

Nimeifungua. Nilikuwa na karatasi ya yule binti mkono mmoja na yako mkono wa pili, na nyote wawili mnaniuliza kitu kimoja. Nikaangalia kifundo cha mkono wa kushoto. Lipo kovu pale, nalipitisha maji kila nikitia udhu, na miaka yote hii sikujiuliza kwa nini kovu lina umbo la ua.

Daktari wa ngozi ameniona. Kanipa dawa ya kupaka na ya kumeza, kasema rangi za aina yoyote, za nywele au za sindano, nisiziguse. Blessing nimemwita nikamwambia neno piko. Hakulijua. Nikampeleka dukani nikamwonyesha pakiti, akasoma maandishi ya nyuma akashika kichwa. Amesema kuanzia leo ataliuliza kwa jina hilo.

Kwa Mama ndiko nilikokwama. Nimemsomea barua yako yote. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hata kama ni piko, piko ile walipakwa na wenzio, mbona wao hawakuungua? Jicho ndilo lililoichochea. Miye sisomewi barua nikabadilishwa." Nikamweleza habari ya ngozi na ngozi, akaniambia naye ana ngozi. Nimegombana naye mpaka nikakosa pumzi, na yeye akaitisha uji.

Basi, habari ya sindano nimeiacha. Roho inaniuma, nilishajiona na nyusi zangu. Nitabaki na wanja na kioo. Na haya mengine ndiyo hivyo, yamekwisha, tusahau.

Dada yako,
Turkiya


Kigombe
11 Mei 2025

Turkiya,

Yamekwisha kwa nani?

Barua yako nimeisoma na kuirudia nikitafuta neno moja, na halimo. Limo sikio, limo kovu, yumo daktari, umo mpaka uji wa mama yako. Mimi simo.

Mwanamkasi amejifungua. Nimeambiwa na Rahimu, ambaye alidhani najua, akanipa hongera barabarani. Nilisimama pale nikamwitikia kama mtu anayejua. Kumbe Idi ile Mwanamkasi alipokuwa chumbani "anaumwa kichwa" lilikuwa ni tumbo linafichwa nisilione. Na ile shughuli uliyoiita ya mwezi ujao ni arobaini ya mtoto. Uliniandikia nyusi kurasa mbili, mtoto hukumtaja.

Mimi sina mtoto, kwa hiyo kila mtoto wa mwenzangu nahesabiwa namtamani. Nikuambie kweli, nimewatamani. Mwanamkasi alipozaliwa nilimtamani mpaka nikalia, na nilimwona kwa kumchungulia dirishani kwa sababu mlangoni nilizuiwa. Lakini kutamani hakuchubui mtu ngozi.

Radhi ya kwenye karatasi iliyotiwa gundi siitaki. Mliponisema hamkuninong'oneza. Mlinisema ukumbini, mbele ya wanawake wa mji, na maneno yakafika Kigombe kabla yangu. Mahali pale pale ndipo unapoweza kuniondolea. Kama huwezi, usinitumie Rahimu tena, mimi nitaendelea kuishi kama nilivyoishi.

Sikio lipone. Hilo nalisema kwa moyo.

Wafa


Raskazone
18 Mei 2025

Wafa wangu,

Jana ilikuwa arobaini. Sikukuita kwa sababu sikuwa na uhakika na ulimi wangu. Nisingekuleta hapa ukae unangoja niseme, halafu nisiseme.

Wanawake walijaa ukumbini mpaka barazani. Baada ya dua, kabla ya masinia, nikasimama. Nikasema, "Jamani, nina neno juu ya Wafa, binti ami yangu." Nikaona hawanisikilizi, wananitazama juu ya macho. Joto lilikuwa kali na mvuke wa pilau umetanda. Yule Bi Zuwena wa jirani akanivuta nguo, "Turkiya, wanja umekushuka. Nenda kajitengeneze kwanza, utasema baadaye."

Hapo nilikasirika hasa. Nilikasirikia wanja, nikamkasirikia Bi Zuwena, nikajikasirikia mwenyewe, maana najijua, ningeingia ndani kujitengeneza nisingetoka. Nikashika upindo wa leso nikafuta upande ulioharibika. Kisha nikafuta na ule mzima. Mji mzima umeniona kama nilivyo, Wafa.

Nikawaambia siku ya harusi yangu mikono iliunguzwa na piko. Nikawaonyesha kovu. Nikasema Wafa hakunifanya kitu, Wafa alisema kweli akiwa binti mdogo tukamtoa chumbani, na mimi nimeishi nikiamini lile jingine kwa sababu lilinipunguzia kazi ya kufikiri. Nikasema tumemfungia milango na kumfunikia watoto bure. Nikasema namwomba radhi mbele yenu, na kila aliyemsema akamwombe yake kwa mdomo wake.

Wengine waliinamia leso zao. Mmoja alicheka, sikumwangalia ni nani. Mwanamke mmoja wa Chumbageni akakunja mkono wa baibui, naye ana kovu, la jani, akasema kwao waliambiwa ni husuda ya mke mwenza na yule mke mwenza akaachika. Hapo ukumbi ulichafuka, kila mtu ana lake, pilau likapoa.

Mama aliomba fimbo yake akaingia ndani. Hajanisemesha tangu jana. Nimempelekea chai, kainywa, hajanisemesha. Hatabadilika, na mimi nimechoka kumngoja.

Talal leo asubuhi kaniangalia mezani akauliza, "Umefanya nini usoni?" Nikamwambia sijafanya kitu, ndiyo kwanza unauona. Sijachora tangu jana. Sikuambii kwamba nimezoea. Nikipita kwenye kioo bado nashtuka, na pengine kesho nitachora tena.

Nisamehe, mdogo wangu. Hili ndilo neno lililokosekana na nimelichelewesha mno.

Mtoto ni wa kiume, anaitwa Himyar. Mwanamkasi amekubali, na ni yeye aliyeniambia nikuandikie leo leo nisingoje kesho. Njoo Ijumaa. Mlangoni nitasimama mimi. Hatutamfunika. Njoo umtazame, umtazame mpaka uchoke.

Nduguyo,
Turkiya